Fisi na Picha ya Kichwa Kisicho na Hofu

Sogeeni karibu, na mwenye kutafuna ameze kwanza, maana habari hii ni ya wenye kiu.

Mwaka huo mvua iliipita nyika ya Kirumbo kama mgeni anayepita mlangoni kwa watu asiotaka kuwasalimia. Mito ikabaki mchanga mtupu. Majani yalikauka hata ukiyakanyaga yanalia. Maji yalibaki mahali pamoja tu, katika korongo jembamba lililojaa matete, na njia ya kushukia ilikuwa moja. Mnyama aliyeinama kunywa hakuona kilichokuwa nyuma yake wala kilichojificha ndani ya matete. Kila mmoja alikunywa roho ikiwa juu juu, akashtuka, akapaliwa, akapanda na nusu ya kiu yake.

Wanyama wakafanya kikao, wakakubaliana kwamba hakuna atakayemwinda mwenzake majini. Wakakubaliana pia kuwa na mlinzi atakayekaa juu ya jiwe lililo mlangoni mwa korongo, ili wengine wanywe kwa utulivu. Mlinzi huyo awe mnyama asiyejua hofu, na malipo yake yawe kunywa wa kwanza.

"Asiyejua hofu?" alisema Simba, na wala hakujisumbua kusimama. "Basi kikao kimekwisha."

Hakuna aliyembishia. Simba alikuwa na maringo tangu utotoni. Kila asubuhi alichana manyoya ya shingo yake kwenye miiba ya mgunga, akapanda juu ya jiwe, akageuza uso upande ule ambao jua humpendeza zaidi, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Hofu mimi siijui. Nimewasikia wengine wakiitaja." Wanyama wakanywa, wakashukuru, wakaenda zao. Mambo yakawa mazuri kiasi hicho.

Kisha wakaja watafiti.

Walikuja na lori jeupe lililovuta banda lenye magurudumu, na ndani ya banda mlikuwa na mashine kama pipa kubwa lililolazwa ubavu. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mmoja mpole, Daktari Nasieku. Fundi wa mashine aliitwa Barnaba, mtu mrefu aliyependa matikiti maji kuliko wali. Hawakuwinda. Walitaka kuijua ile hofu ambayo mnyama huzaliwa nayo, kabla hajaumizwa na kitu chochote, kabla hata mama yake hajamwonya. Walimdunga mnyama sindano ya usingizi mwepesi, ule ambao mwili unalala lakini masikio yanasikia. Wakamwingiza kichwa ndani ya pipa, wakampigia sauti za kila namna, na mashine ikachora picha ya ubongo wake. Pale ubongo ulipofanya kazi kwa nguvu, kioo kilionyesha wekundu.

Simba alikuwa amejilaza kivulini alipohisi kitu kama mbung'o kwenye paja lake. Akafumbua kinywa ili angurume. Ikatoka miayo.

Katika usingizi ule alisikia mashine ikigonga kama wanawake wanaotwanga. Akasikia njiwa. Akasikia upepo, kisha mvua, mvua ya kweli inayopiga juu ya majani mabichi, na kwa kiu aliyokuwa nayo nusura alie. Baada ya hapo ikaja sauti nyembamba, ndefu, isiyo na haraka.

"Ssssssss."

Miguu yake ilikuwa imelala. Moyo haukuwa umelala. Uliruka kifuani kama panzi aliyefunikwa na kifuu.

Alipozinduka alijikuta chini ya mgunga wake, kichwa kizito. Sungura alikuwa ameketi mbele yake, umbali wa mruko mmoja na ziada kidogo, akijilamba midomo. Sungura alikuwa amechimba shimo chini ya jiko la watafiti, na kwa kuwasikiliza usiku na mchana alikuwa anaelewa maneno yao yote.

"Umeamka salama, Bwana Mkubwa?"

"Nilijipumzisha kwa hiari yangu," alisema Simba.

"Bila shaka. Na picha yako imetoka vizuri sana. Ule wekundu unapendeza."

"Wekundu gani?"

Sungura akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Ndani kabisa ya ubongo wako, huku na huku, kuna vitu viwili mfano wa korosho. Wanasema kila mnyama anavyo. Sauti ya nyoka ilipopigwa, korosho zako zote mbili ziliwaka kama makaa. Daktari akastaajabu. Akasema, huyu wenzetu walimfuatilia tangu alipozaliwa, hajaumwa na nyoka wala hajapambana naye. Hofu hii kaja nayo kutoka tumboni mwa mama yake."

"Hofu ya nani?"

"Yako, Bwana Mkubwa."

Simba alitaka kumrukia ili ammalize pamoja na maneno yake, lakini alikumbuka jinsi moyo ulivyoruka, akabaki ameketi. Alijiona kama aliyevuliwa nguo, yeye ambaye hakuwahi kuvaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, basi."

Nyuma ya kichuguu kulisikika kitu kikitafuna ngozi, karacha karacha, kisha kikanyamaza. Simba hakukijali. Kichwa kilikuwa kinamuuma.

Asubuhi yake, wanyama walipokusanyika korongoni, alitokea Fisi. Mnamjua Fisi: hana kitu asichoweza kukila, na hana anachokila kikamtosha. Siku iliyotangulia alikwenda kambini kuiba kiatu cha Barnaba, na alikuwa amekaa nyuma ya kichuguu akikitafuna, akasikia yote. Sasa alikuja amebeba mdomoni picha mbili kubwa alizozichukua mezani kwa watafiti. Akaziweka mchangani kwa uangalifu, jambo ambalo lenyewe liliwashangaza wanyama, maana hawakuwahi kumwona Fisi akitoa kitu mdomoni.

"Ndugu zangu," alisema, "nimekuja kuwafumbua macho. Mashine ya wale watu haimjui mkubwa wala mdogo. Inaingia kichwani na kutoa kilichomo. Palipo pekundu ndipo hofu ilipo. Pasipo pekundu, hakuna hofu. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa," walijibu.

"Hii ya kwanza ni ya Simba."

Wakainama wote. Katikati ya picha, korosho mbili zilikuwa nyekundu kama macho ya mlevi.

"Na hii ya pili," Fisi akajinyoosha mpaka mgongo wake ukakaribia kuwa sawa, "ni yangu mimi mwenyewe. Mashine ilikipekua kichwa hiki wee, ikaitafuta hofu, ikakosa."

Picha ya pili ilikuwa duara kubwa la kijivu. Haikuwa na wekundu wowote. Twiga, ambaye huona mambo kutoka juu, akashusha shingo.

"Na hivi vidoadoa vyeusi ni nini?"

"Ushujaa," alisema Fisi.

Simba akasimama juu ya jiwe. "Muongo huyu!" alinguruma, lakini ngurumo ilitoka imepinda.

Kobe, ambaye hakuwa na haraka na hakupenda mambo yaishie njiani, akamgeukia. "Bwana Simba, tuambie wewe. Ulipigwa picha, hukupigwa?"

"Nilipigwa."

"Na wekundu huu ni wako au si wako?"

Hapo Simba angeweza kusema si wake. Angeaminiwa pia, maana alikuwa Simba. Lakini maringo yake hayakumruhusu kusema uongo mbele ya Fisi. Hilo aliliona kuwa chini ya hadhi yake.

"Ni wangu," alisema.

Minong'ono ikavuma korongo zima. "Nyoka!" Fisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Anaogopa nyoka, asiyekuwa hata na miguu!" Na wengine, kwa sababu kicheko huambukiza, wakacheka.

Simba alishuka kwenye jiwe. Hakunguruma tena. Aliondoka kama mtu anayeondoka harusini baada ya kuulizwa ni nani aliyemwalika.

Basi Fisi akawa mlinzi. Alikunywa wa kwanza mpaka tumbo likaburura chini. Alipomaliza kunywa alijilaza majini apoze mgongo, na alipoinuka maji yalikuwa na harufu ya Fisi. Baadaye akatunga sheria: anayetaka kunywa aje na mfupa, au kwato, au kipande cha ngozi. Asiye na kitu angoje wote wamalize, anywe tope. Mama Swala, aliyekuwa ananyonyesha, hakuwa na mifupa isipokuwa ile iliyomo mwilini mwake. Akawa anangoja, na maziwa yake yakawa yanapungua.

Simba alihamia kichaka kilichokuwa juu ya korongo. Alishuka kunywa wa mwisho kabisa, macho chini, akarudi bila kusema na mtu. Manyoya yake hayakuchanwa. Mchana kutwa alijisomesha mwenyewe. "Nyoka ni kamba," alijiambia. "Kamba tu. Kamba yenye kichwa." Mara upepo ukasukuma tawi kavu mchangani, ssss, naye akajikuta upande wa pili wa kichaka bila kujua alivyofika. Akaona aibu mbele ya tawi.

Alikuwa katika hali hiyo siku fira alipotoka kwenye matete.

Fira naye alikuwa na kiu kama wengine, wala hakuwa na nia mbaya, lakini nyoka mwenye kiu hana subira. Aliteleza hadi ukingoni, mnene kama mkono, mahali pale pale alipokuwa mtoto wa Swala. Wa kwanza kumwona alikuwa mlinzi. Fisi hakupiga hata ukelele. Aliruka kutoka kwenye jiwe, akapita juu ya Kobe, na wenzake walipogeuka kuuliza kuna nini, alikuwa juu ya kilima. Ndipo wote wakakimbia. Mtoto wa Swala alitaka kukimbia pia, lakini miguu yake ilikuwa imezama topeni hadi magotini. Fira akainua kichwa, akatanua shingo.

"Mwanangu!" alilia Mama Swala kutoka juu.

Simba aliona yote kutoka kichakani. Alizihisi korosho zake kichwani, kweli kabisa alizihisi, zinawaka zote mbili. Miguu yake yote minne ilimwambia kitu kimoja: twende nyumbani. Simba akaiburuza kama mtu anayeburuza mbuzi wanne wakaidi, akaanza kushuka. Kila hatua alitetemeka. Manyoya ya shingo yalisimama, na safari hii si kwa maringo. Alipofika alijiweka kati ya mtoto na fira, akafumbua kinywa angurume, na sauti ikakataa kutoka.

Fira alimtazama. Simba alimtazama fira. Kwa kukosa la kufanya, Simba akainua mguu wa mbele akaupiga chini, pu! Akaupiga tena. Nyoka husikia kwa tumbo. Fira aliisikia ardhi yote ikitikisika, sehemu kwa kishindo cha ule mguu na sehemu kwa magoti ya Simba yaliyokuwa yanatetemeka, akafikiri kinakuja kitu kikubwa zaidi ya hiki anachokiona. Akakunja shingo yake, akarudi taratibu ndani ya matete.

Simba akamng'oa mtoto topeni kwa ngozi ya shingo, akamweka mbele ya mama yake, kisha akaketi. Hakuketi kwa madaha. Aliporomoka kama gunia.

"Ahsante, Baba," alisema Mama Swala, akaanza kumlamba mwanawe tope.

Wanyama walirudi mmoja mmoja. Fisi alirudi wa mwisho, anahema. "Nilikuwa nakata njia ya nyuma," alisema, "ili asipate pa kutorokea!"

"Tulikuona unakimbia," alisema Kobe, akijipangusa alama ya mguu mgongoni.

"Je, mlimwona Simba akitetemeka?"

"Tulimwona."

"Na mimi, mliniona nikitetemeka?"

Wakatazamana. Kwa kweli, fisi anayekimbia, ukimwona kwa nyuma na kwa mbali, si rahisi kujua kama anatetemeka.

"Hatukukuona," walikiri.

"Na picha inasemaje?"

Hapo wakanyamaza. Macho yao walikuwa nayo, lakini picha ilikuwa imepigwa na mashine, na mashine, walisema, haina upendeleo. Mama Swala peke yake ndiye aliyegoma kunyamaza, lakini alikuwa mmoja. Fisi akapanda tena juu ya jiwe, akauliza nani ana mfupa.

Jioni hiyo Sungura akaja kichakani kwa Simba. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Bwana Mkubwa, nina jambo la kukueleza. Ila uniahidi hutanila kabla sijamaliza."

"Na ukishamaliza?"

"Hilo tutalizungumza." Sungura akameza mate, yale machache yaliyokuwepo. "Ile picha ya Fisi si ya Fisi. Fisi hajaingia katika ile mashine hata siku moja. Kila mara, kabla ya kumpiga picha mnyama yeyote, Barnaba huijaribu mashine aone kama ina afya. Huweka tikiti maji ndani ya pipa, hupiga picha, hutazama, husema 'sawa'. Ile ni picha ya tikiti."

Simba alimkodolea macho. "Na vile vidoadoa?"

"Mbegu."

"Wewe umejuaje?"

"Lile tikiti nililila mwenyewe. Yote nimeyala mimi, kila walipogeuka."

"Na ukanyamaza siku zote hizi, wenzako wanakunywa tope?"

"Ningesema, kila mmoja angeuliza hayo matikiti yako wapi," alisema Sungura bila haya. "Sasa Barnaba ameanza kuyafungia kwenye sanduku la chuma. Nami nina kiu."

Simba alitaka kukasirika. Alikuwa na kila haki. Lakini aliikumbuka sauti ya Fisi akisema "ushujaa", kicheko kikamtoka bila ruhusa, kichaka chote kikatikisika. Alipotulia akasimama. "Twende tukawaambie sasa hivi."

"Nani atamwamini Sungura? Mimi hata mama yangu nikimwambia kumekucha, anatoka nje kuhakikisha. Na wewe watasema unakitaka cheo chako. Wameiamini mashine, Bwana Mkubwa. Basi mashine yenyewe iwajibu."

Kesho yake Sungura alikwenda kwenye jiwe, na Simba akajibanza nyuma ya kichaka cha karibu, akisikiliza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeleta mfupa?"

"Nimeleta habari ya nyama."

Masikio ya Fisi yakasimama yenyewe.

"Watafiti wana mguu wa mbuzi, mjomba. Mzima, na mafuta yake. Nimemsikia Daktari akisema, huu ni wa mnyama ambaye kichwa chake hakina hofu. Wameuweka ndani ya kizimba, mlango wazi, wanamngoja mwenyewe."

Fisi akameza mate kwa kishindo. "Na ile… mashine?"

"Mashine ya nini tena? Si ulikwisha kupigwa picha?"

"Nilikwisha, nilikwisha," alisema Fisi haraka.

"Basi. Unaingia, unakula, unatoka. Ila kama mjomba una wasiwasi, nitamwita Chui…"

"Simama hapo hapo! Chui ana uhusiano gani na mguu wangu?"

"Na wanyama waje washuhudie? Ni heshima kubwa hii."

Fisi alifikiri. Alipenda heshima, lakini alipenda mbuzi zaidi. "Waje," alisema, "ila wakae mbali. Mguu ni mmoja."

Nyuma ya kichaka, Simba alikuwa amejiziba mdomo kwa mguu wake mwenyewe.

Alasiri, wanyama wa Kirumbo walijipanga kimya kwenye mteremko uliotazamana na kambi. Joto lilikuwa kali, na watafiti walikuwa wamekunja mapazia ya banda hadi juu, hivyo kioo cha mashine kilionekana wazi. Simba alikaa nyuma ya wote. Fisi alitembea hadi kizimbani akitikisa makalio, akageuka mara moja ili aonekane vizuri, akaingia. Mlango ukaanguka nyuma yake, pwa! Hakugeuka. Mguu wa mbuzi ulikuwa mdomoni.

Barnaba alitoka mbio jikoni. "Daktari! Njoo uone, tumepata fisi wetu wa kwanza!"

"Anasema nini?" aliuliza Kobe.

"Anasema ni fisi wao wa kwanza," alijibu Sungura.

"Wa kwanza kivipi? Si alishapigwa picha?"

"Mimi natafsiri tu, mzee."

Barnaba alifungua sanduku la chuma, akatoa tikiti maji, akaliweka ndani ya pipa ili aijaribu mashine. Ikagonga kidogo. Na kwenye kioo, mbele ya nyika nzima, likajitokeza duara kubwa la kijivu lenye vidoadoa vyeusi.

"Kichwa cha Fisi!" alipiga kelele mtoto wa Swala.

Wakatazama kwenye kioo. Wakatazama kizimbani, ambako Fisi alikuwa angali anavunja mfupa, kichwa chake juu ya mabega yake mwenyewe. Barnaba akalitoa tikiti, akalipasua kwa kisu, akaanza kula huku akitema mbegu.

"Ala," alisema Twiga polepole. "Ushujaa wenyewe unatemwa."

Kisha zamu ya Fisi ikafika. Alidungwa sindano, akalainika, akaingizwa pipani. Alipigiwa njiwa, na korosho zake zikawaka. Alipigiwa upepo zikawaka zaidi. Alipopigiwa nyoka kioo kizima kilikuwa chekundu kama pori linaloungua, na ilipopigwa sauti ya simba, Daktari Nasieku aliruka nyuma, maana Fisi alikuwa amelowesha meza ingawa amelala.

Wanyama hawakuhitaji Sungura awatafsirie. Fisi mwenyewe alikuwa amewafundisha kusoma picha, na alikuwa amewafundisha vizuri. Kicheko kilianza kwa Mama Swala, kikapita kwa Nyumbu, kikafika kwa Kobe, ambaye alicheka hadi akapinduka ikabidi ainuliwe. Daktari aligeuka akaona mteremko mzima umejaa wanyama wanaotazama kioo chake. Akafuta miwani. Akamwambia Barnaba joto limezidi, akaenda kunywa maji.

Fisi alipoachiliwa alirudi korongoni akiyumba, tumbo limejaa, akapanda juu ya jiwe kama kawaida. Akawakuta wote wamekaa wanamtazama.

"Mnaangalia nini?"

"Mzee Fisi," alisema Twiga, "tumekuja kuomba mbegu. Tunataka kupanda ushujaa kidogo."

Fisi akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza kilikuwa hakina kitu ndani, chakula wala maneno. Akatafuta pa kupita, wakampisha, akashuka. Wakampa zamu ya mwisho, ile ya tope, na walimwambia itakuwa yake mpaka mvua irudi.

Jiwe likabaki tupu. Wote wakamgeukia Simba.

"Panda, Bwana Simba," alisema Kobe.

Simba hakusogea. "Mlisema mlinzi asijue hofu. Mimi nyoka namwogopa. Namwogopa hata sasa, na hayupo. Kama mnataka asiyeogopa, mkamchukue tikiti."

"Tulikosea kusema hivyo," alisema Kobe. Ilimchukua muda, lakini alisema.

Mama Swala akasogea mbele. "Asiyeogopa nyoka hamwoni nyoka. Wewe ulimwona, ukaogopa, na bado ukashuka. Mimi mwanangu namwacha majini ukiwa juu ya jiwe wewe tu."

"Daktari mwenyewe kasema," alidakia Sungura, "mnyama asiyezaliwa na hofu hiyo haoti hata meno."

 Shingo ya Simba ikaanza kunyooka, manyoya yakaanza kuinuka.

"Ile picha yangu," alimwuliza Sungura, "Daktari alistaajabu kweli?"

"Sana, Bwana Mkubwa."

"Korosho ziliwaka kuliko za wengine?"

Sungura alikumbuka kioo cha Fisi, akatazama meno ya Simba. "Kuliko za wote," alisema.

Simba akapanda juu ya jiwe. Akageuza uso upande ule ambao jua humpendeza zaidi.

"Nisikilizeni nyote!" alinguruma, na ngurumo ilitoka imenyooka. "Katika nyika hii yote, kutoka milimani hadi bondeni, hakuna anayemwogopa nyoka kama mimi! Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Waliinama wakanywa, mtoto wa Swala katikati yao, na mara ile hakuna aliyepaliwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kirumbo. Hofu haikumwangusha Simba, kwa kuwa alizaliwa nayo kama walivyozaliwa nayo wenzake wote. Fisi aliangushwa na uongo, ambao alijitungia mwenyewe akiwa na akili zake timamu. Nami niliyoyajua nimeyasema, sasa nipeni kikombe, koo limekauka.